Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya filamu na ustawi wa mtoto

Kwa: Waheshimiwa wenye dhamana ya filamu, kazi na ustawi wa mtoto, Tanzania
Kutoka kwa: Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Kinondoni, Dar es Salaam

YAH: WATOTO WANAOIGIZA KATIKA FILAMU, NA YANAYOWAPATA KAMERA ZIKISHAONDOKA

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Nawaandikia kwa heshima zote, na nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha nimeipita hadi mwisho wake. Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkono mwaka 2019 na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliituma kwa rejista ya posta mwaka 2021. Ya tatu niliifuata mwenyewe mwaka 2023, nikaelezwa dirishani kwamba faili liko kwa mkubwa na mkubwa yuko safarini. Sitaitaja ofisi iliyonizungusha, wala kampuni iliyotengeneza filamu ninayoisema, wala kijana mwenyewe, ambaye ana haki ya kuishi bila kunyooshewa kidole. Nataka lizungumzwe jambo lenyewe.

Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, mwenye umri wa miaka tisa, alipochaguliwa kuigiza. Alikuwa na kipaji. Hilo nalisema mimi niliyemwona akimwiga mwalimu mkuu mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe, hadi mzee wa watu akacheka. Daftari la mahudhurio la mwaka ule, ambalo nililijaza kwa mkono wangu, linaonyesha kwamba alikosa shule siku 31, nyingi zikiwa mfululizo, kwa sababu alikuwa lokesheni. Malipo yake yalikuwa shilingi 40,000 na begi la shule. Mkataba ulikuwa karatasi moja iliyosainiwa na mjomba wake, maana mama alikuwa sokoni na vitumbua vyake na hakuna aliyemsubiri arudi. Filamu iliuzwa Kariakoo, ikaonyeshwa kwenye mabasi ya mikoani, na sasa iko kwenye intaneti, ambako watu wanaitazama bure na wengine wanajipatia fedha kwa matangazo. Kijana mwenyewe leo anafanya kazi ya kupiga rangi kwenye gereji. Abiria wa daladala humtambua, humwomba arudie ile sini ya kulia, kisha hushuka kituoni kwao.

Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyomfanya asifike sekondari. Wenzake wengi ambao hawakuwahi kuonwa na kamera nao hawakufika. Ninachosema ni kwamba alifanya kazi, watu wazima wakaivuna, na mfumo mnaousimamia haukuacha hata karatasi moja inayoonyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa na mtoto. Malalamiko yangu ni haya.

1. Kibali, umri na masomo

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi isiyoharibu afya wala masomo yake, na inakataza asifanyishwe kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nchi yetu pia iliridhia mwaka 1998 Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao kifungu chake cha 8 kinaruhusu mtoto aliye chini ya umri huo kushiriki katika sanaa za maonyesho, lakini kwa kibali kinachotolewa kwa kila mtoto peke yake, chenye kutaja saa za kazi na masharti yake. Mtoto wa miaka tisa, basi, ama alikuwa na kibali cha namna hiyo, ama alifanyishwa kazi kinyume cha sheria. Nimeomba mara tatu nionyeshwe kibali cha mwanafunzi wangu. Hata jibu la kwamba hakikuwapo sijalipata.

Ruhusuni niwape mfano wa mbali, kwa kuwa ndiko biashara hii ilikokomaa mapema na kukosea mapema. Mwaka 1949 kampuni ya Walt Disney ilikwenda Uingereza kutengeneza filamu ya Treasure Island, na mhusika mkuu alikuwa mvulana Mmarekani wa miaka 12 aitwaye Bobby Driscoll. Mamlaka za Uingereza zikagundua kwamba mtoto huyo hakuwa na kibali halali cha kufanya kazi nchini humo. Familia yake na kampuni wakapigwa faini na kuamriwa waondoke, isipokuwa walipewa wiki sita za kuandaa rufaa. Unadhani wiki sita hizo zilitumikaje? Mwongozaji alizitumia kupiga mbio picha zote za karibu za uso wa mtoto, na mtoto aliporudi kwao California, mvulana mwingine wa Kiingereza mwenye umbo kama lake akatumiwa kumalizia sini zilizobaki za nje.

Nimekifikiria sana kisa hicho. Sheria ilikuwepo, ilifanya kazi, hata ikatoza faini. Ila ilichelewa, ikamkuta mtoto yuko kazini tayari. Kibali kinachotafutwa baada ya kamera kuwashwa ni sawa na chanjo inayotolewa matangani. Ndiyo maana naomba usimamizi uanze kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, na si wakati filamu inapoletwa kukaguliwa ikiwa imekamilika, kwa kuwa mkaguzi anayetazama picha iliyohaririwa hawezi kujua ile sini ya usiku ilirekodiwa saa ngapi, wala kama mtoto aliyelia alikuwa akiigiza au alikuwa amechoka.

2. Fedha, na aliyezipokea

Kila nilipoulizia malipo niliambiwa kwamba fedha alipewa mlezi. Sina shaka na hilo. Lakini swali la nani mwenye fedha za mtoto lina historia ndefu, na jibu la kwamba ni za mzazi limeshajaribiwa likamwaibisha kila aliyelitoa.

Jackie Coogan alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi alipoigiza pamoja na Charlie Chaplin katika The Kid, filamu iliyotoka mwaka 1921, akawa mmoja wa watoto mashuhuri kuliko wote duniani. Inakadiriwa kwamba alichuma kati ya dola milioni 3 na milioni 4 katika utoto wake. Baba yake, aliyekuwa akisimamia mali, alikufa katika ajali ya gari mwaka 1935, na kijana alipotimiza miaka 21 mwaka huohuo akakuta kwamba hana kitu, kwa maana sheria ya California wakati ule ilihesabu kipato cha mtoto kuwa mali ya wazazi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake na baba yake wa kambo. Mwishowe aliambulia dola 126,000. Kelele za kesi hiyo ndizo zilizozaa sheria ya mwaka 1939 inayojulikana mpaka leo kwa jina lake.

Na hata sheria hiyo ilitoboka. Iliigusa mikataba iliyopelekwa mahakamani kuidhinishwa tu, na mikataba mingi haikupelekwa. Ilibidi wasubiri miaka 60 hivi, hadi mwaka 2000, ndipo California ikatamka wazi kwamba fedha anazochuma mtoto ni zake mwenyewe, na kwamba mwajiri lazima aweke asilimia 15 ya malipo yote, kabla ya makato yoyote, kwenye akaunti ya amana ambayo mtoto ataifungua akifikia utu uzima. Hatuna sababu ya kusubiri miaka 60 yetu. Wenzetu wamekwisha kulipia ada ya somo hili.

Asilimia 15 ya shilingi 40,000 ni shilingi 6,000, na najua kuna atakayecheka. Mimi sicheki. Shilingi 6,000 zilizo benki kwa jina la mtoto zina kumbukumbu: tarehe, jina la aliyeweka na kazi iliyolipiwa. Siku filamu ikiuzwa tena kwa kituo cha televisheni kutakuwa na mahali pa kupeleka fungu lake.

3. Mtoto anapokua na kuachwa

Hili ndilo lililonifanya niandike, na nawaomba mnivumilie, maana nitarudi kwa Bobby Driscoll.

Alizaliwa Machi 3, 1937 katika jimbo la Iowa, na mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza kabisa kuwekwa chini ya mkataba na Disney. Mwaka 1950 alitunukiwa Oscar ndogo ya waigizaji watoto kwa kazi zake za mwaka uliotangulia. Mwaka 1953 sauti yake ilisikika duniani kote katika Peter Pan, katuni ya mvulana asiyekua. Yeye lakini alikuwa amekua. Alikuwa na miaka 16, uso umejaa chunusi, na muda mfupi baada ya katuni hiyo kutoka kampuni ilimkatisha mkataba. Shuleni, wenzake walimdhihaki kwa sababu ya filamu zilezile zilizomfanya apendwe. Kazi zikawa chache, kisha zikakauka. Akaingia katika dawa za kulevya, akakamatwa, akapelekwa mwaka 1961 katika gereza la Chino lililokuwa na mpango wa kuwatibu watumiaji. Mwaka uliokuwa kabla ya huo, 1960, jina lake lilikuwa limechongwa katika nyota ya barabarani kule Hollywood.

Alipotoka alihamia New York. Machi 30, 1968, watoto wawili waliokuwa wakicheza katika jengo lililoachwa mahame mtaa wa East Village waliukuta mwili wake. Haukuwa na kitambulisho chochote, na hakuna aliyejitokeza kuudai. Alikuwa na miaka 31 na siku chache. Akazikwa na serikali katika kisiwa cha Hart, makaburi ya wasio na wenyewe, ambako wakati ule wafungwa ndio waliochimba na kufukia. Mwishoni mwa mwaka 1969 baba yake alikuwa mgonjwa wa kufa, mama akawa anamtafuta mwanawe waonane, na ni alama za vidole zilizolinganishwa na polisi wa New York ndizo zilizojibu kwamba kijana alikwisha zikwa mwaka mmoja na nusu nyuma. Jina lake limeandikwa kwenye jiwe la kaburi la baba yake huko California, lakini mwili ungali kisiwani.

Mtu akiniambia kwamba Driscoll alijiharibu mwenyewe kwa dawa, sitabishana naye sana. Alikuwa mtu mzima na alifanya maamuzi yake. Ninachouliza ni jambo dogo zaidi. Kwa miaka saba au zaidi kampuni, walimu wa studio, mawakala na wapiga picha walijua saa anayoamka na saa anayolala. Alipotimiza miaka 16 nani kati yao alikuwa na wajibu, kwa maandishi, wa kuuliza anaendeleaje? Hapakuwa na mtu. Na kwetu leo hayupo.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya wazungu na utajiri wao. Shafiq Syed alitoroka kwao Bengaluru akiwa mtoto, akawa anaishi mitaani Bombay, ndipo akapewa nafasi kuu katika Salaam Bombay! ya Mira Nair, filamu ya mwaka 1988 iliyofika hadi kuwania Oscar. Alipata tuzo ya taifa ya India ya mwigizaji bora mtoto. Miaka baadaye waandishi walimkuta Bengaluru akiendesha bajaji ili alishe familia. Kuendesha bajaji ni kazi halali, na wengi tunaosoma hapa tumelelewa na mshahara wa usukani. Kinachosikitisha ni kwamba kati ya ile tuzo na ule usukani hapakuwa na ngazi yoyote. Lakini Mira Nair, na hapa lazima nitende haki, alilitambua tatizo mapema kuliko wengi: kutokana na filamu hiyo ulianzishwa mfuko wa Salaam Baalak, ambao mpaka leo unawahudumia watoto wa mitaani nchini India. Mama huyo si mgeni kwetu, ameweka makazi Kampala na ndiko alikoanzisha Maisha, mafunzo ya filamu kwa vijana wa Afrika Mashariki, mwaka 2004. Kama mwongozaji mmoja aliweza kufikiria baada ya filamu, serikali nzima haishindwi.

4. Jina

Kwenye kava la filamu ya mwanafunzi wangu, majina ya watu wazima yameandikwa yote, hata la aliyetoa gari. Yeye yumo katika maneno “na watoto wengine”. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji kuwa na haki katika maonyesho yao. Haki hiyo inadaiwaje na mtu asiyetajwa?

Waheshimiwa, naujua utetezi utakaotolewa, kwa kuwa sehemu yake nilishausikia dirishani.

Itasemwa kwamba filamu zetu ni maskini na masharti haya yataziua. Prodyuza mdogo hana fedha, nakubali, ila hana fedha pia za kamera ya kukodi na anaikodi, hana za mafuta ya jenereta na anayanunua. Kinachoitwa ghali ni kile tu ambacho hakuna anayekidai. Itasemwa kwamba mtoto alikuwa akicheza tu, hakuwa kazini. Basi na wanaoipakia filamu hiyo mtandaoni kila mwezi wacheze tu, wasipokee kitu. Itasemwa mlezi alisaini. Sheria yetu ya mikataba haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa na uwezo wa kuingia mkataba, na kwa hiyo saini ya mtu mzima ndiyo kinga yake pekee. Kinga hiyo haiwezi kuwa mjomba yeyote aliyepatikana jirani saa hiyo. Itasemwa pia kwamba mambo yale ni ya zamani, kampuni imekufa na prodyuza amebadili biashara. Filamu haijafa. Niliitazama juzi kwa simu ya mjukuu wangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba yajibiwe kwa maandishi.

(a) Kila mtoto aliye chini ya miaka 18 asirekodiwe katika filamu, tamthilia au tangazo la biashara bila kibali chenye jina lake, kikitaja saa za kazi, mpango wa masomo na mtu mzima anayewajibika kwake lokesheni. Nakala ipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya na kwa mwalimu mkuu wa shule yake. Walimu wakuu wanajua nani hayupo darasani, watumieni.

(b) Sehemu ya malipo, nami napendekeza asilimia 15 kama ya California, iwekwe na mwajiri moja kwa moja katika akaunti ya benki ya mtoto, isiyoguswa hadi atimize miaka 18. Akaunti za watoto zipo katika benki zetu na hazihitaji sheria mpya kufunguliwa.

(c) Jina la mtoto liandikwe katika orodha ya waigizaji, isipokuwa mlezi ameomba lisiandikwe kwa usalama wake, na mkataba useme atapata nini filamu itakapouzwa upya au kupakiwa mtandaoni.

(d) Afisa ustawi wa jamii amtembelee mtoto mara moja baada ya miezi sita na mara moja baada ya mwaka. Ni ziara mbili tu. Naijua hali ya ofisi hizo, najua afisa mmoja ana kata ngapi na pikipiki yake ina mafuta kiasi gani, ndiyo maana sikuomba kumi.

(e) Kuhusu mwanafunzi wangu, barua zangu tatu zitafutwe, nipewe namba ya kumbukumbu, na mimi pamoja na kijana huyo tuitwe tusikilizwe. Hadai mamilioni. Aliponisimulia shida yake alitaka mambo mawili: jina lake liwekwe kwenye filamu hiyo kila inapoonyeshwa kihalali, na aelezwe ni nani anayepokea fedha zake.

Nakala za barua zote, zenye muhuri, na risiti ya posta ninazo, na daftari la mahudhurio la mwaka ule bado liko shuleni katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, rafu ya chini. Nitafika ofisini kwenu siku yoyote mtakayonipangia, mradi iwe kabla ya saa sita mchana, kwa sababu kijana anaingia zamu ya gereji saa saba na tajiri wake hapendi achelewe.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Kinondoni, Dar es Salaam